Jinsi ya kuifyatua eabegi ya pembeni kabla gari halijaenda skrepa, hatua kwa hatua

Gari likishakufa injini, bodi imeoza, limegongwa mpaka halitengenezeki, mwenye gari anaona mambo yameisha. Ila eabegi haijui kwamba gari limeisha. Imelala humohumo ndani ya siti na dawa yake ya kulipuka ikiwa nzima kabisa, hata kama gari limekaa juu ya mawe miaka kadhaa na betri ilishang'olewa zamani. Na ya pembeni ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani, ile ya stelingi na ya dashibodi kila mtu anazikumbuka, hii ya kwenye ubavu wa siti mtu anaikumbuka pale grainda inapoanza kutoa cheche karibu nayo.

Naandika hii hasa kwa fundi na kwa wale wanaovunja magari. Kama wewe ni mwenye gari tu na una gari moja la kutupa, ushauri wangu wa kwanza ni kulipeleka kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza au kwa wavunja magari wenye kibali wafanye wao. Kama ndiyo kazi yako basi soma mpaka mwisho usiruke, hata sehemu unazoziona rahisi.

Unashughulika na kitu gani

Eabegi ya pembeni mara nyingi iko kwenye mgongo wa siti ya mbele, upande unaotazama mlango. Utaona kikaratasi kidogo au kitambaa kimeshonewa kwenye mshono kimeandikwa SRS AIRBAG. Magari machache yanakuwa nayo ndani ya mlango wenyewe. Halafu kuna ile ya pazia, imekunjwa kama kamba ndefu juu ya madirisha kuanzia nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, hiyo nitaisema peke yake huko chini maana ina tabia zake.

Volvo ndio walianza kuuza gari lenye eabegi ya pembeni, kwenye 850, mwaka 1994, na pazia wakalileta 1998. Kwa hiyo gari la kuanzia katikati ya miaka ya 90 usiseme tu "hili la zamani halina", angalia kwa macho yako. Na usiishie siti moja, kuna magari yana mpaka kwenye siti za nyuma.

Ndani yake kuna kopo dogo la chuma lenye dawa inayogeuka gesi na kwenye kitako cha kopo kuna kiwashio, yaani kijiwaya chembamba sana kilichozungukwa na baruti kidogo. Umeme ukipita, kijiwaya kinapata moto, baruti inawaka, dawa inawaka, mfuko unajaa. Ya pembeni inajaa haraka kuliko ya stelingi kwa sababu kati ya mlango na mbavu za mtu hakuna nafasi, ni kama sekunde moja ukiigawa mara hamsini au zaidi. Maana yake hakuna kitu kinaitwa kukwepa. Kama kichwa chako kiko pale, kiko pale.

Kwa nini usiiache tu iende hivyohivyo? Kwanza joto, kopo likipata moto wa gesi ya kukatia au gari likichomwa, dawa inawaka yenyewe bila umeme wowote. Pili mashine ya kukandamiza na ya kusagia magari, mtu aliyesimama karibu hana habari kuna nini mle ndani. Tatu ni sumu, zile za zamani zilitumia sodiamu azidi ambayo ni sumu kali na inayeyuka kwenye maji, ikishawaka inageuka kuwa kitu kingine ila ukiitupa nzima kwenye jalala inabaki sumu hivyohivyo. Ulaya sheria ya magari yaliyokwisha muda ya mwaka 2000 inataka eabegi ziondolewe au ziuliwe nguvu kabla gari halijasagwa, na Japani tangu 2005 eabegi ni moja ya vitu vitatu ambavyo sheria yao ya kurejeleza magari imevitaja kwa jina. Hawakuandika hivyo bure.

Ambazo hutakiwi kuzigusa

Hii iko juu ya hatua zote. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni ya gari uone kama gari limeitwa kurudishwa kwa sababu ya eabegi. Zile za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa inatengeneza eabegi, zilizotumia amonia naitreti zimerudishwa kwa mamilioni duniani, shida yake ni kwamba dawa ikipigwa na joto na unyevu miaka mingi inaharibika, ikiwaka inapasua kopo lenyewe na vipande vya chuma vinaruka kama risasi. Watu wamekufa. Takata wenyewe walifilisika 2017 lakini makopo yao bado yapo kwenye magari mengi. Ukikuta gari lako limo kwenye orodha usiifyatue, wasiliana na wakala wa kampuni ya gari, kuibadilisha au kuichukua ni kazi yao na hawatozi.

Usifyatue pia ambayo kopo lake limebonyea, limeshika kutu mpaka limechimbika, au gari lilizama kwenye mafuriko siti zikaloa. Hizo nazo za wataalamu.

Vitu vya kuwa navyo

Waya wa nyuzi mbili, kila uzi usipungue milimita za mraba 1.25, urefu mita 15 hivi. Vitabu vya watengenezaji wengi wanataka mtu awe angalau mita 10 kutoka kwenye gari, na mimi naongeza kwa sababu waya ukipita dirishani na kuzunguka unapoteza mita mbili tatu hivihivi. Betri ya volti 12, unaweza kutumia ileile ya gari husika ukishaing'oa kama bado ina nguvu. Balbu ya volti 12 ya kujaribia. Miwani ya kazi, glovu nzito, kitu cha kuziba masikio (usidharau hii, mlio ni kama wa bunduki), barakoa, mikono mirefu. Mtungi wa kuzimia moto. Koleo la kukatia, selotepu ya umeme, na mfuko mgumu wa plastiki wa kubebea mabaki.

Watu huniuliza kama waya mrefu hauli umeme wote njiani. Hauli. Kiwashio kina upinzani wa kama omu 2, waya wa mita 15 kwenda na kurudi unaongeza kama 0.4, kwa hiyo betri ya volti 12 inasukuma amp 5 hivi, na viwashio vingi vinataka amp 1.2 tu kwa milisekunde 2. Umeme unatosha na kubaki. Ila hesabu hiyohiyo ndiyo inakuonyesha hatari ilivyo karibu, kwamba kabetri kadogo tu kanaweza kuiwasha mkononi mwako.

Sehemu ya kufanyia

Nje, uwanja wazi, chini pawe tambarare na pasiwe na nyasi kavu wala mafuta yaliyomwagika. Tangi la petroli liwe limeshanyonywa. Waambie majirani mapema maana mlio utawashtua, na weka mtu wa kuzuia watoto, sio kamba tu, mtu. Usifanye siku ya radi.

Sasa ubishi wa kila siku: uifungue kwanza au uifyatue ikiwa kwenye siti? Mimi nasema iache palepale ilipo, ndani ya siti, siti ikiwa imefungwa bolti zake kwenye gari. Bodi ya gari inakuwa ngao yako na mfuko unatokea pale ulipotengenezewa kutokea. Ukishaitoa umeshika bomu dogo mkononi na hujapata faida yoyote.

Hatua ya kwanza: kata umeme wa gari

Zima swichi, toa ufunguo, fungua hasi ya betri kwanza halafu chanya, kisha toa betri nzima kwenye gari iende mbali. Baada ya hapo subiri. Kompyuta ya eabegi ina kapasita ambazo zinatunza umeme ili mfumo ufanye kazi hata betri ikikatika kwenye ajali, ndio maana kungoja ni lazima. Vitabu vinatofautiana, Toyota wanasema sekunde 90, Honda dakika 3, wengine zaidi. Mimi nangoja dakika 10 kwa gari lolote, nakunywa maji, naangalia upepo unaelekea wapi.

Hatua ya pili: safisha njia

Vua kava za siti zile za kununua. Toa kila kitu kati ya siti na mlango, chupa, spana, sarafu, skrubu, hata boksi la tishu, kwa sababu mfuko ukitoka kila kilichopo mbele yake kinarushwa. Siti isukume kwenye reli mpaka chini yake pafikike vizuri, mgongo uwe wima kawaida.

Hatua ya tatu: tafuta konekta

Waya za eabegi na konekta zake mara nyingi ni za njano. Ya siti iko chini ya siti yenyewe. Tatizo ni kwamba chini ya siti moja unaweza kukuta konekta tatu nne za njano, moja ya eabegi, nyingine ya mkanda unaojivuta, nyingine sensa tu. Usikisie, fuata waya kwa macho na kidole mpaka uone inapanda kwenye mgongo wa siti, na kama una mchoro wa gari hilo uangalie. Hesabu waya, mbili ni kiwashio kimoja. Ukikuta waya nne zinapanda kwenda kwenye eabegi ileile basi ina viwashio viwili, na ukifyatua kimoja tu kingine kinabaki hai huku kila mtu akidhani kazi imeisha.

Jinsi unavyokaa hapa ni muhimu kuliko kitu kingine. Usiingie kupitia mlango wa upande ilipo eabegi. Ingia upande wa pili, au piga magoti nyuma ya siti, unyooshe mkono tu. Kifua na uso visiwe kamwe kati ya siti na mlango. Kabla ya kugusa konekta shika chuma tupu cha bodi kwa sekunde kadhaa, umeme tuli wa kwenye nguo uishie pale.

Vuta kile kilatchi cha rangi, chomoa. Na tafadhali usiweke multimita (kipima umeme) kwenye zile pini kupima kama kiwashio ni kizima. Fundi mzoefu anashawishika sana hapa kwa sababu kupima ndiyo maisha yake, lakini multimita inatuma umeme wake yenyewe kidogo na vitabu vyote vya eabegi vinakataza kupima hivyo.

Hatua ya nne: jaribu waya wako kwanza, bila eabegi

Watu wengi wanairuka hii. Tandaza waya wako kutoka kwenye gari mpaka utakaposimama. Upande wa gari funga balbu, nenda upande wa pili gusisha betri. Balbu ikiwaka, waya ni mzima na betri ina nguvu. Ondoa betri, iweke kando hatua kadhaa kutoka kwenye ncha za waya, kisha zile ncha mbili za upande wako zimenye vizuri uzisokote pamoja. Zikiwa zimesokotwa pamoja hakuna umeme wa bahati mbaya utakaofika kwenye kiwashio. Rudi ukatoe balbu.

Mtu akikusaidia hakikisha anaelewa kwamba wewe ukiwa kwenye gari hakuna anayegusa betri. Mimi sipendi hata awe karibu nayo, naibeba betri mwenyewe.

Hatua ya tano: unganisha

Kama una konekta inayoingia sawasawa kwenye ile ya siti, ni vizuri, tumia hiyo. Kama huna, kata waya za upande wa siti, lakini kata moja moja, usikate mbili kwa koleo moja kwa mpigo. Acha urefu wa kutosha, kama sentimita 15. Ukishamenya zote mbili zisokote pamoja papo hapo, hapa usiangalie simu kwanza wala usiitikie mtu. Kisha uwe tayari na waya wako (ambao kule mwisho bado umesokotwa), zifungue za siti, unga moja na moja, zungushia tepu kila kiungo peke yake zisigusane. Chanya na hasi haijalishi, kijiwaya cha kiwashio kinapata moto umeme utoke upande wowote.

Pitisha waya kwenye dirisha la upande usio wa eabegi unayoifyatua, acha upenyo mdogo tu usije ukaukata waya, halafu funga milango yote na vioo vingine vyote. Ondoka kwa kutembea, na ukiwa njiani hesabu watu wako wote kwa macho.

Hatua ya sita: fyatua

Simama upande upepo unakotoka, usiwe sambamba na mlango wa eabegi, miwani na vizibo vya masikio vimevaliwa. Tazama mara ya mwisho kuzunguka gari lote. Piga kelele ya kuwaonya watu, hesabu kwa sauti. Sogeza betri, zifungue zile ncha zilizosokotwa, shika moja kwenye hasi, gusisha nyingine kwenye chanya.

Mlio ni mmoja mkavu na mfupi, ukiwa hujauzoea utaruka. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimekazia macho siti na bado sikuona mfuko ukitoka, nilichoona ni mshono wa siti tayari umepasuka kuanzia juu mpaka chini kama mtu kaupitishia wembe, mfuko mweupe umeshalegea unaning'inia kwenye mlango, na moshi mwepesi unatambaa polepole kutokea kwenye ule upenyo wa dirisha. Huo moshi na unga ni kawaida, sio moto, japo uangalie kwa mbali kama kuna kitu kinaendelea kuungua.

Ondoa waya kwenye betri, zisokote tena ncha. Halafu nusu saa. Dakika 30 kamili usiende kushika, kopo linakuwa la moto kweli na usilimwagie maji kulipoza.

Ikikataa

Itakuja siku utagusisha na usisikie kitu. Usikimbilie kwenye gari, hapo ndipo watu wanapoumia. Toa betri, sokota ncha, kaa nusu saa ileile. Kisha pima betri (hiyo unaweza kuipima kwa multimita, sio eabegi), kagua waya mpaka kwenye dirisha, na ukilazimika kugusa viungo fanya kwa kufuata utaratibu uleule wa kukaa upande wa pili. Jaribu mara moja tu zaidi. Ikikataa tena iandikie kwenye kioo kwamba IKO HAI, uwaite wakala wa kampuni ya gari au wataalamu wenye kibali. Usiifungue kuangalia kwa nini.

Pazia la juu

Utaratibu wa waya ni uleule, konekta yake ya njano utaikuta kwenye nguzo au juu ya dari karibu na kopo. Tofauti ni kwamba mengi hayana dawa tu, yana mtungi mwembamba wa chuma wenye gesi iliyokandamizwa kwa presha kubwa sana, umefichwa juu ya dari au kwenye nguzo ya nyuma. Kwa hiyo usikate dari wala nguzo kwa grainda au gesi kabla hujaufyatua, na usitoboe. Plastiki za nguzo zinaweza kuruka likifunguka kwa hiyo vioo viwe vimefungwa hapa hasa.

Kama ilishatolewa kwenye gari

Ukiletewa siti au eabegi ikiwa peke yake, kwanza iwekwe sehemu kavu, upande wa mfuko ukitazama juu, usiweke kitu juu yake. Ikilala kifudifudi na ikawaka, kopo lote linapaa. Inapobebwa, usiikumbatie, na usishike kwa waya. Kumbuka pia eabegi nzima ni mzigo wa hatari kisheria, namba yake ya kimataifa ni UN 3268, haisafirishwi kama begi la nguo.

Ya kufyatua nje ya gari watengenezaji wana njia ya matairi: inafungwa kwa waya mgumu ndani ya tairi, mfuko ukielekea katikati, chini yake matairi mawili, juu yake mengine mawili na la juu kabisa likiwa na ringi, yote yakafungwa pamoja. Fuata kitabu cha gari husika kwa vipimo na namna ya kufunga, kwa sababu ikifungwa vibaya kopo linachoropoka. Kama huna kitabu chake usijaribu hii njia.

Baada ya kupoa

Vaa glovu na barakoa, usijipanguse jicho. Ule unga mara nyingi ni wanga au talki pamoja na mabaki ya dawa, unawasha ngozi na koo, kwa mwenye pumu ndiyo kabisa. Kata mfuko, weka pamoja na kopo kwenye plastiki ngumu ufunge. Chuma kinaweza kwenda na chuma kingine sasa. Osha mikono kwa maji na sabuni, nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Halafu rudia kwa kila eabegi iliyobaki na mikanda inayojivuta, ambayo nayo ina baruti yake. Moja moja, sio zote kwa waya mmoja, kwa sababu zikilia pamoja huwezi kujua ipi haikulia. Ukimaliza chukua kalamu ya rangi uandike kwenye kioo cha mbele kwa herufi kubwa: siti ya kulia IMEFYATULIWA, siti ya kushoto IMEFYATULIWA, pazia mbili, stelingi, abiria, mikanda, na tarehe. Yule atakayekuja na gesi ya kukatia wiki ijayo hakuwepo leo, na hicho kioo ndicho atakachokiona kwanza.